Naita, hawanijibu: je, amplifaya itanisaidia kwenye mashindano ya VHF?

*"Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa saba huu. Mwaka jana nilipata leseni ya ngazi ya kwanza ya redio ya ridhaa. Nina redio ya mtumba yenye FM na SSB (njia mbili za kubeba sauti hewani), na antena nyeupe ya wima niliyofungiwa kwenye dohani ya nyumba. Kutoka redioni hadi antena ni mita 20 za kebo nyembamba, RG-58. Septemba nikajaribu mashindano ya 144 MHz, masafa ya VHF. Saa mbili za mwanzo niliita kwenye 145.500, kimya. Nikahamia SSB, nikasikia watu kwa mbali kama wako ndani ya pipa. Nikawaita, wakanipita kama sipo. Kwa saa nane nilipata watu wanne, na wa mbali kuliko wote alikuwa kilomita 38. Sasa kuna mtu ananiuzia amplifaya ya wati 200, anasema hiyo ndiyo dawa. Mume wangu yeye anasema tatizo ni lafudhi yangu. Ninunue? Au mchezo huu ni wa wenye minara, niuache?"*

Marahaba, binti yangu. Usinunue.

Sababu ya kwanza ni fupi na ni ya sheria. Leseni yako ni ile wanayoiita Foundation. Tangu Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa Uingereza, walipobadilisha masharti mwaka 2024, mwenye leseni hiyo anaruhusiwa wati 25. Kabla ya hapo zilikuwa 10. Ngazi ya pili ni wati 100, na zaidi ya hapo ni za leseni kamili. Ukiiwasha hiyo amplifaya kwa nguvu yake utakuwa umevunja leseni kabla hujapata pointi moja. Anayekuuzia huenda hajui ngazi yako, au anajua na hajali, hilo sitalisemea.

Lakini hata kama ungekuwa na leseni kamili ukutani, bado ningekwambia uache. Nimesoma barua yako mara mbili na ninaona mambo matatu yanayokula sauti yako, na amplifaya haitibu hata moja. Kabla sijafika huko, nianze na hilo la lafudhi, maana nadhani ndilo linalokuuma kuliko pesa.

Mashindano haya ya Septemba huendeshwa chini ya IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, Kanda ya Kwanza, ambayo kwa taarifa yako ina Ulaya na Afrika nzima ndani yake. Hufanyika wikendi ya kwanza ya Septemba, kuanzia saa nane mchana UTC (saa ya kimataifa) siku ya Jumamosi hadi saa hiyo hiyo Jumapili. Kila kilomita moja kati yako na uliyezungumza naye ni pointi moja. Basi fikiria mtu aliyekaa ndani ya hema juu ya kilima, saa tano za usiku, hajapata mtu mpya kwa dakika kumi. Akisikia hata mkwaruzo wa sauti ngeni, kwake hiyo ni sahani ya pilau. Hawezi kuipita kwa sababu ya lafudhi. Hao hao huzungumza usiku kucha na Mfaransa, Mholanzi na Mjerumani, na kila mmoja na Kiingereza chake. Mtu akikusikia nusu, utamsikia akirudia herufi mbili alizozipata na kuomba zilizobaki. Wewe umepata kimya. Kimya maana yake hukufika.

Mumeo hata hivyo kuna chembe ya ukweli ameigusa bila kujua. Sauti ikiwa dhaifu, herufi hupotea na irabu ndizo zinazobaki, na kwa Kiingereza "tano" na "tisa" zina irabu moja. Ndiyo maana kuna ile alfabeti ya Alpha, Bravo, Charlie. Itaje polepole, kila neno kivyake. Usipige kelele. Kwenye SSB ukipaza sauti, redio huvuruga maneno, na unayemwita hupata mchirizo mpana usio na neno ndani yake. Ongea kama unamwelekeza mgeni kwa simu mahali pa kushukia daladala.

Sasa zile saa mbili za 145.500. Pale ni mahali pa kuitana kwa FM, na wanaoshindana kwa uzito hawako pale. Wako chini yake, kwenye SSB, kuzunguka 144.300, kati ya 144.150 na 144.400. Wewe ulikuwa unasubiri boti Wete, na boti inaondoka Mkoani. Wanapenda SSB kwa sababu ya hesabu ya kelele. FM inachukua upana wa kilohezi kumi na zaidi, na kadiri mlango unavyokuwa mpana ndivyo kelele nyingi zinavyoingia pamoja na sauti. Tena FM ina kizingiti: ishara ikishuka chini yake, sauti haififii taratibu, inaporomoka, unabaki na mvumo mtupu. SSB inachukua kilohezi mbili na nusu hivi, na sikio lililozoea huweza kuokota maneno yaliyozama karibu kabisa na kelele. Wale uliowasikia "ndani ya pipa", basi, walikuwa mahali sahihi. Ni wewe uliyewasikia kwa antena iliyosimama vibaya.

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua dirisha utazame mapaa ya mtaa wako. Antena nyingi za televisheni, zile zinazofanana na mfupa wa samaki, vijiti vyake vimelala. Sasa tazama teksi inayopita yenye redio: ufito wake umesimama wima. Mawimbi ya redio yana mwelekeo wa kutikisika. Yakitoka kwenye kijiti kilicholala, umeme wake unasukuma kulia na kushoto, na yakitoka kwenye kilichosimama, unasukuma juu na chini. Kijiti cha kupokelea hunasa msukumo unaokwenda sambamba na urefu wake, maana elektroni zinahitaji njia ndefu ya kukimbia. Wimbi lililolala likipiga kijiti kilichosimama, linasukuma elektroni upande wa unene wa kijiti, ambao ni milimita chache. Hazina pa kwenda.

Wapigao SSB kwenye 144 MHz karibu wote wamelaza antena zao. Wenye FM, ripita (vituo vya kurusha upya sauti) na redio za magari wamezisimamisha. Antena yako nyeupe ni nzuri kwa kazi yake, lakini kazi yake ni hii ya pili. Hasara ya kukosana ulalo kwa kawaida huwa kama desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu), ingawa kuta na mapaa hugeuza mawimbi kidogo na kupunguza hasara hapa na pale. Desibeli 20 ni mara mia. Wati zako 25 zilimfikia mtu wa hemani kama robo wati. Amplifaya ya wati 200 ingekuongezea mara nane, yaani desibeli 9, ambayo kwenye mita ya redio yake ni kijino kimoja na nusu hivi. Ungelipa fedha nyingi na bado ungekuwa na deni la desibeli 11. Kulaza antena kunalipa deni lote, bure.

Usiniamini kwa maneno. Chukua waya mbili za shaba, kila mmoja sentimita 49, ufunge mmoja kwenye kiini cha kebo na mwingine kwenye wavu wake, uzinyooshe pande mbili juu ya ufagio wa mbao. Weka redio kwenye SSB na utafute bikoni, zile zinazojipigia zenyewe saa zote kati ya 144.400 na 144.490. Ukipata moja inayosikika, sikiliza ufagio ukiwa wima, kisha ulaze taratibu, ubavu wake ukiielekea. Utasikia sauti ikipanda kama mtu aliyetoka chumba cha pili akaingia ulipo. Ukishaisikia hiyo kwa masikio yako, mambo ya amplifaya utayasahau wewe mwenyewe. Hii ni ya kusikilizia tu; usibonyeze kitufe cha kurusha ukiwa umeushika ufagio.

Mwizi wa pili ni kebo. RG-58 ni nzuri kwa kipande cha mita mbili ndani ya gari. Kwenye 144 MHz hupoteza takribani desibeli 20 kwa kila mita 100, kwa hiyo mita zako 20 zinakula desibeli 4. Wati 25 zinazotoka redioni zinafika kwenye dohani zikiwa 10, na wati 15 zimepasha kebo joto. Hiyo ni safari ya kwenda. Safari ya kurudi ni mbaya zaidi, maana ile sauti ndogo iliyosafiri kilomita 200 inapoteza zaidi ya nusu yake ndani ya mita 20 za mwisho. Amplifaya inakaa mezani, upande huu wa kebo, inapaza kinywa na kuyaacha masikio vilevile. Wenzetu wana jina la mtu wa namna hiyo: mamba, mdomo mkubwa na masikio madogo. Anaitwa na watu kumi, hasikii hata mmoja, anaendelea kuita.

Badilisha kwa RG-213 au nyingine nene ya jamii hiyo, na hasara itashuka hadi chini ya desibeli 2. Na kagua viungio. Nilipokuwa kijana natengeneza redio za vyombo bandarini Mombasa, nahodha mmoja wa tishari alinijia analalamika simu yake ya upepo imechoka, anataka kubwa zaidi. Nilipanda mlingotini, nikafungua kiungio cha antena, maji yakamwagika kama nimetoboa dafu. Shaba ilikuwa kijani. Nikakata kipande cha kebo, nikafunga kiungio kipya na utepe wa mpira. Jioni ile ile alikuwa anaongea na Shimoni, na redio ni ile ile. Leicester hakuna chumvi ya bahari, lakini mvua ipo.

Mwizi wa tatu ni mwinuko, na huyu wewe mwana wa pwani huhitaji kuelezwa sana. Chombo kikija kutoka Pemba unaanza kuona tanga, mwili wake baadaye. Mawimbi ya VHF yanaona karibu kama jicho, yanapinda kidogo tu zaidi. Kanuni ya mafundi ni kutafuta kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, kisha kuzidisha kwa 4.12, unapata kilomita hadi upeo. Antena yako ya mita 9 inaona kilomita 12 kwenye ardhi tambarare. Mwenzako akiwa na mita 9 pia, mnaonana kwa 25. Panda Beacon Hill karibu na Loughborough, wenye mita 248 juu ya bahari, au hata mteremko wowote ulio wazi nje ya mji, na upeo wako unajitanua mara kadhaa bila kuongeza wati hata moja. Betri ya gari, redio, na fito mbili za kuunganisha zinatosha. Leseni yako inakuruhusu. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, na uangalie geti linafungwa saa ngapi. Mimi nimewahi kulala garini kwa kutoangalia.

Utaniuliza, kama upeo ni kilomita 60 au 70, wale wenye kupata 300 na 400 wanafanyaje? Hapo ndipo mchezo unapokuwa mtamu. Hewa siyo sawa kila mahali, ina mafundo ya unyevu na joto yanayotawanya mawimbi, na chembe ya yaliyotawanyika hurudi chini ng'ambo ya upeo. Ni chembe kweli, ndiyo maana kila desibeli ya antena na kebo ina thamani. Kisha kuna ndege. Ndege ya abiria iliyo kilomita 10 juu ni kioo cha bati, na Uingereza anga haikosi ndege. Utamsikia mtu wa mbali akiibuka kutoka kwenye kelele, anasimama wazi kwa dakika moja hivi, halafu anazama. Usihuzunike akizama, rudi baada ya dakika chache, ndege nyingine inakuja. Na zipo zile jioni tulivu za mgandamizo mkubwa, hewa ya joto inapolalia hewa baridi, mawimbi yananaswa katikati na kusafiri kama maji kwenye mfereji, hasa juu ya bahari. Usiku wa namna hiyo Uholanzi, kilomita kama 400 kutoka kwako, inasikika kama jirani. Mwenye antena ya mlalo na wati 10 anaweza kufurahi usiku huo kuliko mwenye mnara siku ya kawaida.

Kwa hiyo ununue nini? Una njia mbili za maana. Ya kwanza ni antena ya pete, ile inayoitwa halo: imelala, inasikia pande zote, ni ndogo, majirani hawaioni. Haikuzi sauti, lakini inakurudishia zile desibeli 20. Ya pili ni Yagi ndogo ya vijiti vitatu, muundo uliobuniwa Japani kwenye Chuo Kikuu cha Tohoku mwaka 1926 na Uda na Yagi. Boriti yake haifiki hata mita moja na nusu. Kijiti cha nyuma ni kama sentimita 103, cha kati kinachoungwa kebo ni kama 98, cha mbele kama 92. Vipimo kamili hutegemea unene wa bomba, kwa hiyo fuata mchoro mmoja hadi mwisho na usichanganye miwili. Ikilinganishwa na ule ufagio wako, inazidisha nguvu kama mara tatu upande inaoutazama, na inazidisha usikivu vilevile. Hiyo ndiyo tofauti yake na amplifaya: antena inafanya kazi kwenda na kurudi.

Ubaya wake niuseme. Yagi haioni mgongoni. Ukiielekeza London, mtu wa Manchester anaweza kukuita hadi akachoka. Lazima uizungushe, na mota ya kuzungushia ni ghali. Kilimani haina haja ya mota, unazungusha fito kwa mkono. Nyumbani nimeona watu wakitumia kamba mbili kutoka dirishani, na wewe mtu wa Tanga nadhani katani unaijua. Mimi ningekuwa wewe ningetengeneza Yagi ya kupelekea kilimani, na dohani ningeiachia ile nyeupe kwa FM. Yagi kubwa za vijiti tisa na zaidi, ziache kwanza. Mwale wake ni mwembamba, na mgeni hupoteza muda mwingi akitafuta uelekeo kuliko akiongea.

Usianze tena na mashindano ya saa 24. Chama cha redio cha Uingereza, RSGB, kina mashindano ya jioni, na ya 144 MHz ni kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne na nusu ni SSB na telegrafu. Kabla yake, kuanzia saa moja hadi saa mbili kasoro dakika tano, kuna ya FM, na hapo antena yako nyeupe itakuwa nyumbani kwao kabisa. Kuna pia makundi ya nguvu ndogo, kwa hiyo hushindanishwi na mwenye mnara. Soma kanuni za mwaka husika, maana hubadilishwa.

Mnachobadilishana ni kitu kifupi: alama zenu za mwito, ripoti ya ishara, namba ya mfululizo inayoanzia 001, na msimbo wa eneo wa herufi na tarakimu sita. Msimbo huo unaitwa Maidenhead, kwa jina la mji wa Uingereza walikokutana waliouafiki mwaka 1980. Dunia imekatwa vigae vya nyuzi mbili kwa moja, kisha kila kigae kikakatwa vipande. Katikati ya Leicester ni IO92KP. Ukipanda kilimani msimbo unabadilika, na unaweza kuongeza /P, ya kituo cha safarini, mwisho wa alama yako. Ukisahau kubadilisha msimbo, kilomita zako zote zitahesabiwa kutoka sebuleni. Kwa faida yako tu: Tanga ni KI94, na sehemu kubwa ya Pemba nayo imo humo humo. Mombasa ni KI95, Unguja mjini na Dar wanagawana KI93. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu, maana nimewasikia watu wa Unguja na Dar wakibishana maisha yangu yote, na kumbe wako kwenye kigae kimoja.

Saa kwenye logi ni UTC. Wakati wa baridi ni sawa na saa ya Uingereza, kiangazi unatoa moja. Logi yangu ya kwanza kabisa niliandika 0207 mahali pa 2007, ukurasa mzima, kwa sababu kichwa kilikuwa kinahesabu saa mbili za usiku Kiswahili na mkono ukaandika kilichosikika. Kompyuta ya wasimamizi hulinganisha logi yako na ya uliyeongea naye, na kisichokubaliana kinakatwa. Nilibaki na sufuri. Sasa naandika UTC kwenye karatasi na kuibandika juu ya redio, na bado kila Jumanne naitazama.

Jioni yenyewe, usikae mahali pamoja ukiita. Mwenye sauti ndogo hutembea: anza chini ya masafa, panda polepole, kila unayemsikia mwite mara moja au mbili, subiri, endelea. Kwa hesabu ya kilomita, mtu mmoja wa kilomita 300 ni sawa na kumi wa kilomita 30, kwa hiyo kwa mtu wa mbali vumilia zaidi. Ikibaki nusu saa na umemaliza wote, tafuta upenyo usio na mtu, elekeza Yagi upande wenye watu wengi, kwako ni kusini, na wewe uite. Baadaye tuma logi, hata ikiwa na watu wanne kama ile ya Septemba. Logi yako inathibitisha za wenzako, na watakukumbuka kwa hilo kuliko kwa pointi.

Yapo mambo ambayo usiyafanye kwa kusoma barua yangu. Kupanda paa na kugusa dohani ni kazi ya fundi wa antena mwenye ngazi na bima. Nyaya za umeme zikipita karibu, usisimamishe fito ya chuma hapo kabisa. Suala la kuunganisha antena na ardhi mwulize fundi umeme aliyesajiliwa, aje aone, kwa sababu nyumba nyingi za Uingereza zina mfumo ambao ukiunganisha ovyo chuma cha nje na ardhi ya nyumba unaweza kuleta hatari wakati laini ya mtaani ikikatika. Ofcom pia wanataka uhesabu umbali wa usalama wa watu ikiwa nguvu inayotoka, ukijumlisha na ukuzaji wa antena, inazidi wati 10; Yagi yako itazidi. Kuna kikokotoo chao, na mtu wa klabu atakuonyesha kwa dakika kumi. Klabu yenyewe ndiyo msaada ninaokuombea zaidi. RSGB wana orodha ya klabu kwa kila eneo. Nenda ukasikilize jioni moja tu, ukae pembeni ya mtu mwenye mazoea, uone anavyozungusha kitufe. Wikendi ya kwanza ya Julai klabu nyingi hupanda vilimani kwa siku ya VHF ya kitaifa, na siku hiyo mtu wa kushika fito na kuchemsha chai hakatazwi kushika maikrofoni pia.

Hukuniuliza habari za kurudi nyumbani, ila najua utaniuliza. Leseni ya Foundation haitambuliwi nje ya Uingereza kwenye ule mpango wa CEPT, wa nchi za Ulaya kutambuliana leseni, na Tanzania unaomba kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, upate alama inayoanza na 5H. Anza kuitafuta mapema kabla hujakata tiketi.

Mimi niko kusini kidogo mwa Birmingham. Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili na nusu usiku, nitaigeuza antena yangu upande wa Leicester na kukaa karibu na 144.300 kwa robo saa. Ulaze hata ule ufagio tu, ila ufungwe mbali nawe kabla hujarusha, uite polepole, herufi moja moja. Kati yetu ni kilomita hamsini na kitu. Siyo nyingi, lakini zitaipita rekodi yako ya 38.